Joto la Chumba cha Baridi

Papa Fidele alizikwa Jumamosi iliyopita kule Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru upande wa Zambia, na tangu nirudi kutoka msibani sijatulia. Ninalia, ndiyo, lakini zaidi nina hasira. Chini ya turubai, watu waliokuwa wakingoja chakula walimsimulia marehemu ovyo ovyo. Mmoja alisema ndiye aliyekausha samaki kwa intaneti. Mwingine, ambaye najua fika hakuwahi kukanyaga ndani ya chumba kile, akasema hapana, aliweka kompyuta ndani ya friji zikafa zote. Mama mmoja akaapa kwamba Papa Fidele alifukuzwa kazi kwa sababu ya mihogo. Msibani hatubishani, kwa hiyo nilimeza chai yangu pamoja na maneno yangu, nikapanda basi la kurudi Mansa nikiwa nimeuma meno. Sasa niko mezani kwangu, hakuna wa kunikonyeza ninyamaze. Mwaka ule nilikuwa ndani ya chumba kile kila siku ya kazi, kuanzia joto la mwezi wa kumi hadi joto lililofuata, nilikuwa kijana mwenye meno yote na subira kidogo, na nitaeleza nilivyoona.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya soko, kwenye njia ya kushukia ziwani. Kilijengwa na mfanyabiashara aliyetaka kuhifadhi barafu na samaki wabichi, biashara ikamfia mkononi, akabaki na jengo lisilo na dirisha: kuta nene zilizojazwa povu gumu katikati, dari hivyo hivyo, na mlango mzito wenye mpira pembeni, ambao ukiufunga masikio yanaziba. Sisi Wakongomani tulikiita chambre froide, chumba cha baridi, na jina hilo ndilo lililotuponza. Shirika letu lilipotafuta mahali pa kuweka seva zake, Directeur Prosper, mkubwa wetu, alizunguka mji mzima, akafika pale, akagonga ukuta kwa kiganja, akasema tumepata. Mashine zinapenda baridi, hiki ni chumba cha baridi, kuna nini tena cha kufikiri? Mchungaji akaitwa, akaomba, utepe ukakatwa. Hakuna hata mmoja wetu, wala Papa Fidele aliyekuwa fundi, aliyekumbuka kwamba ukuta ule haukuwahi kutengeneza baridi hata siku moja. Kazi yake ni kuzuia. Ukiweka barafu ndani, unazuia baridi isitoke; ukiweka mashine zinazochemka mchana na usiku, unazuia joto lisitoke. Tulizifunika mashine blanketi, kisha tukawasha kiyoyozi kipigane na blanketi.

Kazi yetu ilikuwa rahisi kueleza. Mtu aliyebaki ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, alipiga namba moja isiyomgharimu kitu, akataja jina lake na la mtu anayemtafuta, na sauti yake ikabaki ndani ya mashine. Namba ilikuwa inatangazwa redioni, pamoja na majina yetu tunaopokea. Sisi tulisikiliza, kisha mimi nikapanda pikipiki hadi Kenani, kwenye kituo walikopokelewa wakimbizi, nikazunguka kati ya mahema nikiita jina. Siku nyingine mwenye jina alipatikana, akasikiliza ujumbe kwenye simu yangu, na mimi nikageuka kutazama pembeni. Mimi mwenyewe nilikuwa nangoja sauti moja. Dada yangu mkubwa, Yaya Bea, aliniambia nitangulie kupanda boti, yeye anamsubiri mume wake, watafuata. Hawakufuata. Kila asubuhi nilivaa vile vitu vya masikioni, nikasikia sauti za dada wa watu wengine.

Sasa fikiria: mashine ya namna ile ikizidiwa na joto hujizima yenyewe isiungue. Ikizimika, anayepiga anasikia mlio mrefu, basi. Huyo mtu labda ametembea nusu siku kutafuta kilima chenye mtandao, kwa simu ya kuazima. Akipata mlio mrefu atarudi tena? Mimi nilijiuliza hivyo kila ilipozimika, na ilizimika karibu kila siku, jua likishapanda. Umeme ulikatika mara kwa mara, tukawasha jenereta, jenereta ikanywa mafuta kuliko mlevi wa mwisho wa mwezi, na yote hayo yakaenda kwenye kiyoyozi. Papa Fidele alikishusha hadi nyuzi kumi na sita, akakiacha kinguruma. Wiki moja aliamua kuleta barafu. Kwa sababu kila mtu wa samaki anajua barafu inapoza, tulinunua magogo ya barafu sokoni tukayapanga kwenye mabeseni kati ya mashine. Chumba kikapoa kwa muda mfupi, kisha kuta zikaanza kutoa jasho, maji yakatiririka kwenye nyaya, na mashine moja ikanyamaza hadi ilipokaushwa kwa kanga na maombi. Directeur Prosper alipita akasema ni vizuri, tunaonyesha ubunifu. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua nisije nikasema neno.

Nilipanga kwa Bana Kaoma, mama wa Kizambia aliyefanya biashara ya chisense, wale samaki wadogo wa Mweru ambao ukiwanyima jua siku moja wananuka, ukiwanyima siku mbili unawamwagia kuku. Chumba changu kilitenganishwa na cha kwake kwa ukuta wa matofali usiofika dari, kwa hiyo nilisikia kila alichomwambia dada yake: kwamba mvua imemshinda, kwamba karai zima limeoza, kwamba safari hii atalima karanga, Mungu shahidi. Asubuhi alikuwa tayari ziwani. Mchana alipika ubwali, ugali wao wa muhogo, na katapa, majani ya muhogo huo huo, na Papa Fidele alikuja kula pale, bila kualikwa, kila siku ya Mungu. Nasema hivi kwa sababu kila asubuhi alikuwa akigombana na mama huyo huyo. Bana Kaoma na wenzake waligundua kwamba nyuma ya jengo letu kuna kile chombo cha kiyoyozi kinachopuliza hewa ya moto nje, wakaleta vichanja vyao na kuvipanga mbele yake. Samaki wakakauka kweli. Lakini vichanja viliziba ile hewa, kiyoyozi kikakosa pumzi, na ndani kukawa tanuri. Papa Fidele aliviondoa, wao wakavirudisha. Aliviondoa tena, akiwa na kipande cha samaki wao mdomoni.

Inabidi nieleze jambo moja kwa asiyetoka kwetu. Pande zote mbili za ziwa, moto haunyimwi. Jirani akija asubuhi na kigae kuomba kaa la moto, unampa, hata kama jana mlitukanana hadi mkasahau chanzo. Anayenyima moto watu humtazama kwa jicho jingine. Basi Bana Kaoma hakuona kwamba anaomba upendeleo.

"Papa Fidele, ile moto unaitupa inje," alimwambia siku moja, akitafuna taratibu. "Kitu unatupa mukwai, juu ya nini unanyima mwenzako?"

Papa Fidele hakulainishwa na mukwai, neno lao la heshima; alisema ule si moto wake, ni wa bureau, yaani ofisi. Bana Kaoma akauliza kama bureau inapika. Nikaomba ruhusa nikaenda kunawa mikono.

Mwezi wa kumi na mbili serikali ilifunga ziwa, kama kila mwaka, samaki wazae kwa amani. Nikashukuru, nikadhani tutapumzika. Wamama wakaleta mihogo. Mihogo iliyolowekwa siku kadhaa, ile yenye harufu ya kuchachuka inayoingia kwenye nywele, ikapangwa pale pale. Na katikati ya mvua kubwa, kiyoyozi kikafa. Hakikuumwa, kilikufa. Directeur alikuwa Lusaka kwenye semina. Simu yake iliita tu. Tukakubaliana na Papa Fidele kwamba mashine zitajizima ndani ya saa moja, tukafungua mlango mzito na kuuwekea jiwe, ili angalau tuvute pumzi. Upepo wa ziwani ukaingia. Tukangoja. Bana Kaoma akaja kusimama mlangoni, akasimulia habari za shemeji yake, akamaliza, akaanza nyingine. Saa ya chakula ikafika, ikapita. Mashine zilikuwa bado zinafanya kazi. Papa Fidele aliweka kiganja mbele ya mashine, akakiweka nyuma ya mashine, akavua miwani akaifuta, akaivaa. Mbele upepo wa kawaida ulikuwa unaingia. Nyuma ndiko moto ulikokuwa unatoka. Hazikuhitaji baridi ya friji. Zilihitaji tu kutolewa kwenye blanketi, na moto wake usirudi kuvutwa mbele. Miezi yote ile, mafuta yote yale, na barafu. Papa Fidele alikaa chini sakafuni. Nilidhani anaomba, kumbe alikuwa anatukana kwa Kifaransa, polepole, kama mtu anayesoma rozari.

Siku iliyofuata alileta msumeno. Mimi nilimsihi. Nilimwambia akikata ukuta vumbi la povu litaingia, mashine zitakufa, na sauti zilizo ndani zitapotea, na kama Yaya Bea atapiga leo? Sikuona haya kulia. Papa Fidele hakunibembeleza, hakuwa mtu wa hivyo. Alisema nitafute kitambaa cha kuzifunika mbele. Nikakimbia kwa Bana Kaoma, na kabla sijamaliza sentensi wamama walikuwa wanafungua vitenge viunoni. Tukavilowesha, tukavitundika kutoka dari hadi sakafu, Papa Fidele akakata: tundu chini upande wa kivulini unaotazama ziwa, akaweka chandarua; tundu lingine juu, nyuma ya mashine, akaweka feni ndogo na mfereji wa mbao uliopeleka moto kwenye kibanda tupu cha jirani. Alipomaliza akageuza mashine zote zitazame upande mmoja. Vile vitenge hatukuviondoa tena. Vilibaki kama pazia kati ya hewa inayoingia na moto unaotoka, cha ndege, cha maua, na kimoja chenye picha ya harusi ya watu nisiowajua. Kiyoyozi kilipotengenezwa tulikiwasha mchana wenye joto kali tu, tena kwa kiasi. Jenereta ikaanza kulala. Na vichanja vyote vikahamia kibandani.

Directeur Prosper alirudi wakati wamama wanageuza mihogo. Alisimama mbele ya tundu muda mrefu.

"Fidele. Muzungu wa pesa akikuja kesho, atakuta tundu mu chambre froide?"

"Atakuta mashine inatumika, Directeur. Zamani alikuwa anakuta ukuta muzuri."

Directeur akaamuru tundu lizibwe na mihogo itoke, maana bureau si soko. Kwangu pale palikuwa kama kaburi linafunguliwa: tundu likizibwa, tunarudi kwenye mlio mrefu. Bana Kaoma akasema kwa adabu, akiwa amepiga goti kidogo kama wanavyofanya wakisema na mkubwa, kwamba moto haunyimwi. Directeur akajibu kwamba ile si moto, ni hewa. Basi yule mama akamshika mkono, kwa upole, kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa jiko, akauingiza kwenye mdomo wa mfereji. Directeur akautoa haraka.

"Ni baridi, mukwai?" akauliza Bana Kaoma.

Directeur akaufuta mkono kwenye suruali. Na yeye alizaliwa kando ya ziwa lile lile, na wamama wote walikuwa wanamtazama kuona kama atalitamka neno la kunyima. Akasema jambo hilo litaamuliwa kwenye réunion, yaani mkutano. Réunion haijaitwa hadi leo. Baadaye wageni walipokuja, nilimsikia kwa masikio yangu akiwaeleza kwamba alichagua jengo lile kwa sababu kuta zake zinafaa kwa mfumo wa mfereji. Papa Fidele alikuwa amesimama nyuma yake, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nilimwuliza kwa nini hakusema kitu. Alisema anataka kula kwa Bana Kaoma mapema.

Basi mashine zikapona, na hapo ndipo nilipoteseka kweli. Zamani niliweza kulaumu joto. Sasa taa zote zilikuwa za kijani mchana kutwa, mistari miwili ya simu ikiwa wazi, na hakuna aliyepiga. Ujumbe wote uliofika ulikuwa wa alfajiri, kabla sijafika kazini; kutoka hapo, kimya. Tulijiambia kwamba watu wanapiga kabla ya kwenda shambani. Mchana mimi nilikaa mbele ya mashine isiyo na ugonjwa wowote, nikisikiliza feni, nikanusa mihogo, nikahesabu moyoni waliokuwa hawajapiga, na nikaanza kuamini kwamba wote hao wamekufa na Yaya Bea yumo. Nilikonda. Bana Kaoma alinisukumia ubwali akasema nile, maiti haili na mimi bado naweza. Nilimchukia kwa maneno hayo. Nilikula.

Ziwa likafunguliwa mwezi wa tatu, na mvua bado haijaisha. Pande zote mbili chisense wakaanza kuoza vichanjani, isipokuwa wa Bana Kaoma na wenzake, waliokuwa wanatoka kibandani kwetu wakavu, wanalia kama makaratasi. Wachuuzi wakavuka kutoka Kilwa ya Kongo kuja kuwachukua. Mmoja wao, mama mnene aitwaye Mama Furaha, alirudi safari ya pili akala nasi, na katikati ya katapa akatoa habari kana kwamba ni utani. Alisema ng'ambo walikataa kuamini samaki wake. Walimwuliza amekaushia wapi katika mvua hii. Akawaambia, ku ile mashine ya ujumbe. Wakamcheka. Wakasema ile mashine si inalala jua likipanda? Ndiyo maana wao hupanda kilimani alfajiri, wote pamoja, wakagombania mistari, na wengi hurudi bila kusema neno.

Nilimwuliza nani aliwaambia mashine inalala.

"Si ninyi wenyewe?" alisema. "Mwaka jana ilikuwa inalala. Nani alituambia imeamuka?"

Papa Fidele aliacha kutafuna. Tulikuwa tumekata ukuta, tumegeuza mashine, tumefunga mapazia, tumemshinda Directeur, na hakuna aliyefikiri kuwaambia watu wa ng'ambo wapige mchana. Redioni yalitangazwa namba na majina yetu tu, saa hapana. Nilitaka kumpiga mtu, lakini wote waliokuwa mezani walistahili, kuanzia mimi. Mama Furaha akasema tusihangaike na redio. Yeye tayari amewaambia: kama mashine inakausha samaki mchana kutwa, basi mchana kutwa iko macho. Aliwaonyesha samaki, wakawavunja kwa vidole, wakasadiki.

Hazikupita siku nyingi. Jua lilikuwa utosini, taa ya mstari wa kwanza ikawaka. Nikavaa vitu vya masikioni. Mashine yetu ilipokea tu. Haikuwezekana kumjibu anayesema, na kila ujumbe ulikuwa na dakika zake, zikiisha unakatwa.

"Mado. Ni miye, Bea. Munafanya kazi gani pale kwenu? Tangu mvua ianze naamuka mbele ya jogoo, napanda mulima na mutoto mu mugongo, nakuta batu bamejaa, napiga, occupé, mustari uko na mutu. Napiga tena, occupé. Leo mama mumoja wa chisense anatuambia eti mashine yenu inakausha samaki muchana yote. Muchana yote, Mado. Na hamuwezi kutuma hata mutu mumoja atuambie? Nilisikia ku redio jina lako, nikasema ni yeye, kisha nikapiga miezi, occupé, nikasema hapana, ni mwingine wa jina, yeye alikufwa. Unasikia? Nilikulilia. Nilinyoa nywele. Na weye uko pale na samaki, hauna hata…"

Ikakatwa. Nilirudia ujumbe ule hadi Papa Fidele akaniomba nimpe naye asikie. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Yaya Bea hakusema yuko wapi. Hakusema kama mume wake yupo. Mtoto gani huyo mgongoni? Tulipoachana hakuwa na mtoto. Dakika zote alizopewa alizimaliza kwa kunigombeza. Baadaye sana, alipokwisha vuka na kukaa nami, nilimwuliza kwa nini hakutaja alipo, na kwa ukali ule ule akasema mtu mwenye akili angejua.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilimwambia Papa Fidele asinitume Kenani wala popote, na kwa mara ya kwanza hakubisha. Wamama walikuja kugeuza samaki, wakaambiana, wakabaki mlangoni badala ya kurudi sokoni. Jua likapanda. Mchana taa ikawaka. Yaya Bea hakunisalimia wala hakuuliza habari. Alianza pale pale alipokatiwa jana, kwa hasira mpya, nami nikavuta kiti karibu na mashine nisipitwe na hata tusi moja.